Matiti yamejaa na kuwa magumu siku ya nne baada ya kujifungua

Mzazi mpya, Morogoro

Shikamooni wakubwa zangu. Nimejifungua mtoto wa kwanza, wa kike, na leo ana siku nne. Mwanzoni nilitoa maziwa machache tu, mazito ya njano, na mama mkwe akahofia kwamba mtoto hashibi, akashauri apewe maji ya glukosi. Nilimwomba kwa heshima tusimpe, kwa sababu kliniki tulifundishwa kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi sita. Tangu jana usiku matiti yamejaa, yana joto, ngozi imevutika hadi inang'aa, na chuchu zimekuwa bapa kiasi kwamba mtoto akijaribu kushika anateleza na kulia. Chuchu ya kushoto imeanza kuchubuka, na kila anaponyonya tumbo la chini linakaza kwa maumivu. Je, hali hii ni ya kawaida, na nifanye nini ili aweze kunyonya?

Mkunga mstaafu, Tanga

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kujifungua salama. Ulifanya vyema kukataa yale maji. Hayo maziwa ya njano ni dang'a, yamejaa kinga, na uchache wake unamtosha mtoto ambaye siku ya kwanza tumbo lake hubeba takriban kijiko kimoja cha chai. Kondo la nyuma likishatoka, homoni hubadilika na maziwa mengi huanza kushuka, kwa kawaida kati ya siku ya 2 na ya 4. Ugumu unaousikia si maziwa peke yake, bali pia damu na majimaji yanayojaa kwenye titi.

Kabla ya kumnyonyesha, nawa mikono, kisha weka ncha za vidole kuzunguka chuchu, pale penye weusi, ubonyeze taratibu kuelekea kifuani kwa dakika moja hivi. Majimaji yatarudi nyuma na weusi utalainika. Kamua matone machache, halafu mlete mtoto kwenye titi badala ya wewe kumwinamia: pua yake ielekee chuchu, usubiri afungue kinywa wazi kabisa, na kidevu chake kiguse titi. Weusi uonekane zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Ukisikia anabana chuchu pekee, ingiza kidole kidogo kwenye pembe ya mdomo wake umwachishe, uanze upya, kwa maana michubuko mingi hutokana na kushika vibaya. Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo, na baada ya hapo weka kitambaa cha maji baridi juu ya matiti.

Mama wa watoto watatu, Mombasa

Pole sana, mdogo wangu. Maumivu hayo ya tumbo ni chango. Mtoto anaponyonya, mwili hutoa oksitosini, ambayo husukuma maziwa na wakati huohuo hukaza mji wa mimba ili urudi katika ukubwa wake. Kwangu yalizidi kila uzazi, na kwa mtoto wa tatu nilikuwa nikishika mbao za kitanda anapoanza kunyonya, lakini hupungua baada ya siku chache. Mama mkwe naye mwonyeshe nepi: kinyesi kikitoka kwenye weusi kuwa cha njano, na kuanzia siku ya 5 mtoto akikojoa mara sita au zaidi kwa siku, atatulia mwenyewe.

Muuguzi, kliniki ya mama na mtoto

Naongezea jambo moja. Ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, mwili ukauma, na sehemu ya titi ikawa nyekundu yenye maumivu makali, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo bila kusubiri, huku ukiendelea kunyonyesha titi hilohilo. Vivyo hivyo, damu ya uzazi ikilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, usikae nyumbani.