Mnaokata pesa za chanjo ya mifugo, mnabana matumizi gani hayo?

Kila Hazina ikikaukiwa, wa kwanza kunyimwa ni ng'ombe. Vikao vya hotelini hupunguzwa kwa mdomo, chanjo hupunguzwa kweli. Halafu tuambiwe hiyo ni akiba!

Chukueni ugonjwa wa miguu na midomo. Ng'ombe ambaye hajawahi kuchanjwa hudungwa, hurudiwa baada ya wiki tatu au nne, kisha kila miezi sita. Pesa ikitoka nusu, kaunti inafanya raundi ya kwanza, ya marudio inafia kwenye karakana kwa kukosa mafuta. Kwenye ripoti ng'ombe amechanjwa. Kwenye boma hana kinga ya maana. Tena virusi vyenyewe si vya aina moja: Kenya kuna O, A, SAT1 na SAT2, na kinga ya hii haizuii ile. Ukinunua chanjo bila kupima sampuli ujue ni aina gani inayozunguka, afadhali ungedunga maji.

Kuna kifungu wanachokipenda sana kukikata, "gharama za uendeshaji". Hicho ndicho barafu, dizeli na posho ya anayedunga. Chanjo hii hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikipata joto imekufa, na ikiganda pia imekufa, kwa hivyo hata kuegemeza chupa kwenye barafu iliyotoka friza sasa hivi ni kuiharibu. Chanjo inatengenezwa hapa Embakasi, Nairobi. Kutoka hapa hadi Marsabit haitembei kwa miguu.

Sotoka ya mbuzi na kondoo ndiyo inaniudhi zaidi, maana dozi moja inalinda kama miaka mitatu. Rahisi kuliko hapo utapata wapi? Lakini chupa ya dozi 100 ikishachanganywa lazima iishe ndani ya saa chache. Hakuna pesa ya kutangulia kutangaza kwa machifu, wanaletwa mbuzi 40, dozi 60 zinamwagwa. Hiyo ndiyo akiba. Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kutokomezwa duniani 2011 kwa chanjo iliyofika bomani, si chanjo iliyobaki kwenye friji.

Ugonjwa ukilipuka inawekwa karantini. Mnada unafungwa, mfugaji hauzi, kaunti inakosa ushuru wa soko, na watu wa machinjio ya Kiamaiko na Dagoretti hapa Nairobi wanaanza kulia bei.

Sisemi kila senti ya mifugo ni halali. Kama mnatafuta pa kukata, kateni nyasi za msaada wa ukame za kupigia picha. Ng'ombe wa kilo 250 anataka kama kilo 6 za nyasi kavu kwa siku. Lori la marobota 400 ya kilo 15 ni kilo 6,000, yaani ng'ombe 1,000 kwa siku moja. Moja! Na kiongozi amelipungia mkono. Ukame wa 2020 hadi 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa, na mpango wa serikali wa kununua mifugo kabla haijafa ukaja wakati ng'ombe wengi wamebaki mbavu. Kununua ni msimu wa pili ukishakosa mvua, mnyama akiwa bado ana nyama na anaweza kupanda lori mwenyewe.

Msinijibu eti hiyo ni kazi ya kaunti. Najua Katiba ya 2010 iliwapa kaunti udhibiti wa magonjwa ya mifugo. Lakini mwaka wa fedha unaanza Julai 1, mgao unachelewa, mvua za vuli zinaanza Oktoba na wafugaji wanahama. Pesa ikifika Desemba unamchanja nani?

Kaunti yenu ikijisifu imenunua dozi laki moja, ulizeni imenunua na lita ngapi za dizeli.