PPF kwenye CX-5 nyekundu: gari zima, mbele tu, au niache?

Mbezi_46V:

Wakuu, habari za kazi. Gari ni Mazda CX-5 ya 2018 kutoka Japani, ile nyekundu ya kung'aa yenye namba ya rangi 46V, limetoka bandarini wiki iliyopita. Matumizi yake ni Mbezi hadi Posta siku za kazi, na Dodoma mara mbili kwa mwezi. Nimezunguka kuulizia PPF (filamu angavu ya plastiki inayobandikwa kulinda rangi), nikarudi na bei tatu zisizofanana hata kidogo.

Wa kwanza: gari zima 2,200,000, "TPU, waranti miaka 10", unaleta asubuhi unachukua jioni.
Wa pili: mbele tu (boneti, bampa, fenda mbili, saiti mira, taa) 1,800,000, siku mbili.
Wa tatu: gari zima 7,000,000, siku tano.

Halafu kuna anayeniambia niachane na PPF, nipige seramiki (dawa ya maji inayopakwa na kukauka juu ya rangi) kwa laki sita yaishe. Gari linalala nje, chini ya mwembe. Tofauti ya hizi bei inatoka wapi, na kwa matumizi haya ipi ina maana?

Plota_Kinondoni:

Mkuu, anza kwa kugawa. Roli ya kawaida ya PPF ina upana wa sm 152 na urefu wa mita 15. CX-5 nzima inakula mita 15 hadi 18, kutegemea fundi anavyopanga vipande vyake. Mbele peke yake ni mita 5 hadi 6. Tukichukua 16 kwa gari zima na 6 kwa mbele, wa kwanza anakutoza kama 137,000 kwa mita, wa pili 300,000, wa tatu kama 437,000. Ndani ya hiyo hela kuna filamu, kuandaa rangi, kukata na kubandika. Mwenye 137,000 lazima apunguze mahali, na siku moja aliyokuahidi inaonyesha wapi. Kuosha, kutoa chembe za chuma, kupitisha klei (udongo laini wa kunasa uchafu ulioganda kwenye rangi) na polishi kwa gari zima vinakula nusu siku au zaidi kabla hujagusa roli.

Mahali pa pili pa kupunguzia ni filamu yenyewe. TPU ni poliyurethani, inanyumbulika na kurudi. Kuna ile wanayoiita TPH, ambayo kwa kweli ni PVC iliyotiwa vilainishi. Siku ya kwanza zinafanana kabisa, zote zinang'aa. Vilainishi vikishatoka kwa jua, TPH inakakamaa, inageuka manjano, inapasuka, na siku ya kuitoa inakatika vipande vipande huku gundi ikibaki kwenye rangi. Kazi ya kuondoa gundi hiyo inaweza kukumalizia akiba yote uliyodhani umeipata.

Usibishane naye kwa maneno. Omba kipande cha sm 10 kwa 2 kutoka kwenye roli itakayotumika kwako. Kivute hadi kifike kama sm 15, shikilia kidogo, achia. TPU inarudi karibu na urefu wake wa awali, TPH inabaki imelegea. Kama bado una shaka, chukua waya wa shaba uchome kwenye moto wa bluu wa jiko la gesi hadi moto usibadilike rangi tena. Gusisha waya wa moto kwenye filamu ili iyeyuke kidogo juu yake, urudishe kwenye moto. Ukiwaka kijani, mna klorini, basi hiyo ni PVC. Fanyia nje, ule moshi haufai kuvutwa.

Unene usikudanganye. TPU nyingi ziko maikroni (sehemu za elfu za milimita) 150 hadi 200, na TPH nayo inatengenezwa kwa unene huohuo. Kuhusu waranti, uliza namba ya roli na nani anailipa. Waranti za kawaida zinagusa kugeuka manjano, kupasuka na kubanduka, wala hazigusi alama ya jiwe. Uliza pia kama gharama ya kubandua na kubandika upya imo, kwa sababu mara nyingi unapewa filamu tu. Na hiyo "miaka 10" bila karatasi yenye namba ya roli ni maneno ya kijiweni.

Kokoto_Chalinze:

Kwa njia ya Dodoma, kokoto za malori zinapiga ukingo wa mbele wa boneti, bampa, taa, saiti mira na nguzo za kioo cha mbele. Matairi yako mwenyewe yanapiga sehemu ya chini ya milango na upinde wa fenda ya nyuma. Paa na sehemu ya juu ya milango hazipigwi na kitu. Kama umelipa milioni 7 ukitegemea kuzuia mkwaruzo wa bodaboda kwenye foleni, umelipia ndoto: usukani wa pikipiki au kanyagio ukikamata mlango unapasua filamu na rangi pamoja. Filamu inazuia kokoto, mikwaruzo midogo ya taulo, kucha kwenye vitasa, na zipu ya begi kwenye buti. Basi.

Rangi_Tatu:

Nawaunga mkono, ila hapa rangi yenyewe ina neno. Ingekuwa Toyota nyeupe ya kawaida 040 ningekwambia bakiza hela yako, boneti ikichubuka fundi mzuri anaipiga upya na huoni tofauti. 46V ina tabaka la kwanza lenye chembe za alumini, juu yake tabaka jekundu linalopitisha mwanga, ndipo klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi. Wekundu wake unategemea lile tabaka la kati limepigwa mara ngapi na kwa unene gani. Pasi moja ikizidi, boneti inakuwa nyeusi kuliko fenda. Ndiyo maana fundi makini hapigi boneti peke yake, anaififisha rangi hadi kwenye fenda zote mbili ili jicho lisione mpaka, halafu klia juu ya zote tatu. Kwa hiyo alama za kokoto kwenye boneti zinakuwa kazi ya vipande vitatu. Hapo ndipo PPF ya mbele inapojilipa. Hesabu hiyo inafanana kwa nyeupe ya lulu ya Toyota, 070, nayo ni ya tabaka tatu.

Kabla ya kulipa, tafuta kipima unene wa rangi. Bati lenye rangi ya kiwandani kwa kawaida linasoma maikroni 90 hadi 140. Likisoma 200 kwenda juu, shuku kwamba limeshapigwa rangi. Kupigwa rangi siyo dhambi, tatizo ni siku ya kubandua filamu: gundi ikiwa imeshika kuliko rangi ilivyoshika bati, klia inaondoka na filamu. Bampa ni plastiki, kipima cha kawaida hakisomi, huko angalia kwa macho: vumbi ndani ya klia, mistari ya masking tepu kwenye kingo, au rangi iliyoruka kwenye klipu.

Kingine, gari la 2018 limeshatembea Japani. Filamu haifichi alama za zamani. Shimo la kokoto litaonekana kama kitone cheupe chini ya filamu, na gundi haitashika chini ya hicho kishimo. Jaza kwanza kwa rangi ya kugusia, acha ikauke vizuri, sawazisha, ndipo ubandike. Na kipande chochote kikipigwa upya, kipe angalau siku 30, ikiwezekana 60, viyeyusho viishe kutoka. Ukifunika mapema unapata mapovu ambayo hayatoki.

Plota_Kinondoni:

Nilisahau seramiki. Inarahisisha kuosha, inapunguza kushika uchafu na inaongeza mng'ao. Ni tabaka jembamba mno, maikroni moja au mbili, haliwezi kusimamisha kokoto. Anayekuuzia kama mbadala wa PPF anachanganya mambo mawili, au anajua na anakuuzia hivyohivyo. Mpango wenye akili ni PPF mbele, seramiki kwenye yaliyobaki kama hela inaruhusu, na seramiki inaweza kupigwa hata juu ya filamu.

Mbezi_46V:

Asanteni sana wakuu. Nimepima: boneti inasoma 112 hadi 125, fenda ya kushoto 118, ya kulia 290. Boneti ina vitone vinne vya kokoto. Wa kwanza nimemfuta, kipande chake kilivutika kikabaki hivyohivyo. Nimeelekea kwa wa pili. Nimwangalie nini akiwa kazini, na nikiona mapovu nilalamike lini? Pia anasema anakatia juu ya gari, hatumii plota (mashine ya kukata vipande kwa kompyuta).

Plota_Kinondoni:

Fenda ya kulia imeshapigwa rangi mkuu. Fanya jaribio dogo: bandika masking tepu nzuri kwenye kona iliyofichika, ikandamize, ivute kwa haraka. Ikitoka na rangi, usibandike PPF hapo. Isipotoka na kitu bandika, lakini mwambie fundi aandike kwenye risiti kwamba anajua fenda imerudiwa, ili siku ya kubandua msitafutane.

Kukatia juu ya gari kuna faida: anaweza kuizungusha filamu nyuma ya ukingo wa boneti milimita 5 au zaidi, mstari usionekane. Hatari yake ni wembe. Mkono ukiwa mzito unaacha mchoro kwenye klia ambao utauona siku filamu inatoka, na baada ya muda kutu inaweza kuanzia hapo. Kipande cha plota kinakuja kimeshakatwa, wembe haugusi gari, ila mara nyingi kinaishia milimita moja au mbili kabla ya ukingo na vumbi linajenga mstari. Mwulize kama anatumia tepu yenye uzi wa kukatia kwenye maeneo ya wazi. Akijua unachosema, dalili njema. Sensa za paking zikatwe mviringo kuzunguka, zisifunikwe.

Kazini angalia mahali kwanza. Chumba kifungwe, sakafu imwagiwe maji vumbi litulie, feni isielekee kwenye gari. Bati likiwa la moto la jua la Dar, maji ya sabuni yanakauka kabla fundi hajaisogeza filamu, gundi inashika mahali pasipo, na akiivuta kuirekebisha inabaki na mistari ya gundi isiyofutika. Gari lilale ndani usiku mmoja kabla ya kazi.

Maji ya kutelezesha ni matone matatu hadi matano ya shampuu ya watoto kwa lita. Akizidisha, filamu inateleza vizuri lakini kingo hazishiki. Maji ya kushikisha ni sehemu moja ya alkoholi ya isopropili kwa nne za maji, na hayo anayatumia kwenye kona na kingo peke yake. Visima vyetu vingi Dar vina chumvi, maji yake yakikauka chini ya filamu yanaacha madoa meupe, kwa hiyo yote mawili yachanganywe kwa maji yaliyochujwa. Kwenye bampa ndiko utamjua fundi. Ile mikunjo inamlazimu kuvuta filamu, na akiivuta sana inakuwa nyembamba na inataka kurudi ilikotoka, ndiyo maana pembe za bampa huanza kunyanyuka. Mzuri anapasha kwa hitigani (kifaa cha kupuliza hewa ya moto), anagawa mvuto pande zote, na mahali pagumu anakubali kuunga vipande viwili badala ya kulazimisha kimoja.

Mapovu yapo ya aina tatu. Ya maji yana weupe wa ukungu, ukibonyeza yanasogea. Hayo yanakauka yenyewe kwa wiki moja hadi tatu, jua la huku linayaharakisha. Ya hewa ni makavu na hayasogei, fundi anaweza kuyatoboa kwa sindano nyembamba sana siku za mwanzo. Ya uchafu yana chembe katikati unayoihisi kwa kidole, hayo hayaondoki. Chembe mbili tatu kwenye bampa vumilia, kwenye boneti katikati mbele ya macho yako kataa, arudie kipande. Rudi ukaguliwe baada ya siku saba, kingo zilizonyanyuka zirudishwe kabla hazijashika vumbi. Zikishashika vumbi hazirudi.

Povu_Kidogo:

Naongeza ya kuosha, maana filamu nyingi zinafia kwenye kuoshewa. Siku saba za kwanza usioshe kabisa. Baadaye, mashine ya presha ikae sm 30 au zaidi kutoka kwenye filamu, na maji yasielekezwe kwenye ukingo, yatainyanyua. Kijana wa kuosha mkataze sabuni ya unga ya kufulia na dizeli ya kutolea lami. Shampuu ya gari, ndoo mbili, taulo ya maikrofaiba.

Mikwaruzo midogo ya taulo kwenye TPU inajifuta kwa joto, acha gari juani mchana au mwagia maji ya moto kiasi ambacho mkono hauvumilii. Mkwaruzo uliopita lile tabaka la juu hautajifuta.

Na huo mwembe, kaka. Utomvu na kinyesi cha kunguru vinaingia kwenye filamu kama vinavyoingia kwenye klia, tofauti ni kwamba filamu unaweza kuibadilisha. Usikwangue kikiwa kikavu. Lowesha taulo, ilaze juu yake dakika tano, kisha ipangusie upande mmoja bila kusugua. Utomvu mkaidi tumia alkoholi ya isopropili kwenye kitambaa, kisha suuza. Petroli na thina usiguse.

Rangi_Tatu:

Siku ya kuitoa, hata baada ya miaka mitano, usimpe mtu anayeivuta kama plasta. Inapashwa kwa mvuke au hitigani hadi iwe laini, kisha inavutwa polepole ikiwa imelala karibu na bati. Akiisimamisha wima nguvu zote zinakwenda kwenye klia, na hiyo fenda yako ya kulia ndiyo itakayotangulia kutoka. Ianzwe kona ya chini, karibu na tairi. Klia ikianza kuondoka asimame hapohapo, palipoharibika pawe padogo.