Naomba ushauri: nilimzindua rafiki yangu, sasa ananikwepa

Habari zenu wakuu. Mimi ni mwelimishaji rika kwenye kituo cha wanaotumia dawa za kulevya. Unga, yaani heroini, nilitumia mwenyewe, sasa nina mwaka wa tatu kwenye methadoni, dawa tunayopewa badala ya unga. Nagawa sindano safi, napokea zilizotumika, na muda mwingi nakaa tu na watu nikisikiliza.

Wiki mbili zilizopita rafiki yangu wa zamani alizidisha dozi chooni. Nilimkuta midomo imegeuka rangi, anakoroma kama aliyekabwa. Nikampulizia puani naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha unga, nikampa pumzi mdomoni hadi akazinduka. Kuzinduka tu, arosto, yale mateso ya mwili kukosa unga, ikampanda, akanitukana na kutaka kuondoka. Mimi najua naloksoni huweza kuisha nguvu kabla ya unga kutoka mwilini, mtu akazima tena. Basi nikaegemea mlango kwa mgongo, nikagoma kumpisha. Hapo ndipo tulipoharibu.

Tangu siku ile hakanyagi kituoni. Nasikia anajidunga peke yake, na hilo ndilo linaloninyima usingizi, maana akizidisha hakuna wa kumshtua. Msimamizi anasema nimwache, atarudi mwenyewe. Labda. Ila yeye hakuiona ile midomo.

Mliowahi kufanya kazi hii, nimpelekee sindano na naloksoni kwake mwenyewe, au nimtume mwenzangu ambaye hawajagombana? Sitaki aone namchunga. Na kuhusu ule mlango niambieni ukweli: nilikosea?