Mrejesho: ile zabuni ya foklifti na toroli za paleti

Wakuu, mwezi wa tatu niliuliza kama kampuni changa inaweza kuomba zabuni ya serikali ya kuleta foklifti moja ya tani 3 na toroli sita za paleti. Mkanitia moyo, nikajisajili NeST (ule mfumo wa zabuni za serikali mtandaoni Tanzania, uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023), nikaomba. Nimekosa.

Bei haikuwa tatizo. Kilichoniangusha ni barua ya idhini ya mtengenezaji, ile ya kukuruhusu kuuza bidhaa zake: niliweka ya wakala wa Dubai, taasisi ilitaka ya kiwanda chenyewe. Halafu kwenye jedwali la vipimo nilijaza "tunakubali" kila mstari, badala ya kutaja kimo cha kunyanyua, urefu wa uma, aina ya injini. Kuna aliyenionya humu, nikajifanya mjuaji.

Nafuu yangu, dhamana ya zabuni ilikuwa ya kujaza tamko tu, hela haikukwama benki.

Nimeomba nyingine, taasisi tofauti, toroli peke yake. Barua ya kiwanda ipo, namba ya modeli inafanana na ya kwenye brosha. Nimeihakiki mpaka mke wangu akaniambia nikalale. Zabuni zinafunguliwa Alhamisi saa nne asubuhi.