Naomba ushauri: salfaiti imepanda, pH haipandi

Habari zenu wakuu. Niko maabara ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe huku Ujerumani. Moshi tunausafisha kwa uji wa mawe ya chokaa, unaonasa gesi ya salfa na kuigeuza salfaiti, kisha tunapuliza hewa ili salfaiti igeuke salfeti na kutoka kama jasi.

Tangu juzi pH ya uji (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) imeshuka kutoka 5.5 hadi 4.9. Tukiongeza chokaa haipandi, unga unabaki tu kwenye uji bila kuyeyuka. Jasi iliyokuwa ikitoka kwenye kichujio kama mchanga wa unyevuunyevu, sasa inanata kiganjani kama ugali mbichi. Nimepima salfaiti kwa ayodini mara tatu (hata ayodini nilitengeneza upya, sikuamini macho yangu): imepanda sana.

Tumewasha mashine ya pili ya hewa, hakuna nafuu. Presha ya bomba la hewa imepanda, nahisi matundu yameziba.

Naomba kujua: ni salfaiti inayofunika chembe za chokaa, au alumini kutoka kwenye majivu na floridi kutoka kwenye moshi? Nitofautishe kwa kipimo gani? Pia, bosi wa zamu anataka tuendelee kumwaga chokaa. Si bora tupunguze kwanza moshi unaoingia, hewa iwahi kumaliza salfaiti iliyopo?