Koki ya bafuni inapiga shoti hita ikiwashwa: tatizo ni hita au ni waya?

Mkazi wa Ilazo:

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaishi Ilazo, Dodoma, katika nyumba tuliyohamia mwaka juzi kabla haijakamilika, kama ilivyo kawaida yetu wengi. Mwezi wa sita baridi ilipoanza, na mama mkwe alipokuja kukaa nasi, tulifunga bafuni hita ile inayopasha maji papo hapo kwenye kichwa cha bomba la mvua. Kibandiko chake kimeandikwa 5,500W. Maji tunayotumia ni ya kisima cha jirani, na yana chumvi kiasi kwamba birika huota utando mweupe ndani ya wiki moja.

Wiki za mwanzo hapakuwa na shida yoyote. Tangu katikati ya mwezi wa saba, hata hivyo, mtu anayefunga koki akiwa bado amelowa husikia mkono ukichomwa, kama vile sisimizi wengi wamemng'ata kwa pamoja. Mama mkwe amerudi kwenye ndoo na hataki tena kusikia habari za hita. Isitoshe, swichi ya hita, ambayo iko nje ya mlango wa bafu, hupata joto baada ya watu wawili kuoga mfululizo, na juzi nilisikia harufu ya plastiki inayoungua.

Fundi aliyeifunga amekuja mara 2. Mara ya kwanza alibadilisha nafasi za laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) kwenye hita, na hali ikapungua kidogo. Mara ya pili aliuunganisha waya wa athi wa hita, ule unaokwenda ardhini, na ule wa nyutro, palepale juu ya hita, na kweli shoti imekoma. Nilipomuuliza sababu, alisema kwamba ardhi ya huku ikikauka athi haishiki. Waya unaokwenda bafuni ni wa milimita 2.5, umechukuliwa kwenye laini ya soketi za jikoni, na breka yake ni ya 32A. Je, tuendelee kuitumia? Na kama hatari bado ipo, hita ndiyo mbovu?

Fundi Kipimo:

Dada, zima breka ya laini hiyo sasa hivi, kisha ndipo uendelee kusoma. Ninasema hivyo kwa sababu ya lile tendo la mwisho la kuunganisha athi na nyutro, ambalo limeondoa shoti ndogo mliyokuwa mkiisikia na kuweka mahali pake kubwa ambayo bado haijajitokeza.

Nyutro ndiyo njia ambayo mkondo wa hita hurudia. Ikilegea popote, iwe kwenye konekta ya bafuni, kwenye meni swichi au hata kwenye nguzo ya mtaani, mkondo uliokwisha kupita kwenye koili, yaani waya unaopasha maji, hukosa pa kurudi, na kwa kuwa fundi wako ameifunga athi kwenye nyutro hiyohiyo, karibu volti 230 zote huhamia kwenye waya wa athi na kwenye maji. Tena umesema laini hiyo inatoka kwenye soketi za jikoni. Athi ya bafuni na ya jikoni ni moja, maana yake ganda la friji nalo litakuwa na umeme siku hiyo, na atakayelishika huenda akawa mtu ambaye hajawahi kuingia bafu hilo.

Kuhusu ardhi kukauka, fundi wako amesema kweli, ila amekosea dawa. Hita za aina yako nyingi zina koili iliyo wazi ndani ya maji, yaani maji hugusa waya wenye umeme moja kwa moja. Maji baridi yasiyo na chumvi hupitisha umeme kidogo sana, na huo mdogo huchukuliwa na waya wa athi hadi ardhini bila mtu kujua. Maji ya chumvi hupitisha mwingi zaidi. Wakati wa mvua fimbo ya athi, ile ya chuma iliyopigwa ardhini, iko kwenye udongo wenye unyevu na inaumeza uvujaji huo. Kiangazi udongo unapokauka, ukinzani hupanda, na kile kinachoshindwa kwenda ardhini hubaki kwenye maji na kwenye koki. Chukua mfano: uvujaji wa 0.2A ukipita kwenye fimbo yenye ukinzani wa omu 180 huweka volti 36 kwenye athi yote ya nyumba. Mkono mkavu huenda usizisikie. Mtu aliyelowa, anayesimama peku juu ya sakafu ya saruji yenye maji, atazisikia. Hiyo ndiyo sababu mwezi wa sita mlioga salama na mwezi wa saba mkaanza kung'atwa.

Usitegemee breka ikulinde hapo. Hata laivu ikigusana kabisa na athi, volti 230 zikigawanywa kwa omu 180 hutoa mkondo wa 1.3A hivi, na breka ya 32A itautazama mkondo huo kama taa chache zilizowashwa. Haitakata kamwe. Kinachokata katika hali hiyo ni RCD ya 30mA, kifaa kinacholinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi na kukata kwa sehemu ndogo ya sekunde vikitofautiana. Nikadirie tu kwamba kwenye kisanduku chako cha breka hakipo, maana kingekuwepo kingeshakata zamani.

Joto la swichi ni kosa jingine. Wati 5,500 kwa volti 230 ni karibu 24A, na waya wa milimita 2.5 uliopita ndani ya ukuta unafika hapo ukiwa umechoka kabisa. Mtu akiwasha birika la umeme jikoni wakati mwingine anaoga, mzigo unakaribia 33A, na breka ya 32A inaweza kuuvumilia muda mrefu huku waya ukiungua. Hita hiyo inahitaji laini yake peke yake kutoka kwenye breka, waya wa milimita 6, na swichi ya 45A yenye taa, ile inayotumika kwa majiko, ambayo hukata laivu na nyutro kwa pamoja. Swichi ya kawaida ya taa au ya soketi haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Mstaafu wa Mafinga:

Ninakubaliana na fundi kuhusu waya, lakini ningependa kuongeza jambo lililonipata, kwa sababu huku kwetu Mafinga hita si anasa hata kidogo. Niliwekewa RCD kama inavyoelezwa hapo juu, na kila nilipofungua maji ya moto, ilikata. Fundi aliyekuja baadaye aliona kero hiyo, akaipita RCD kwa kipande cha waya, akaniambia kwamba "ilikuwa na wasiwasi mno". Nilikaa hivyo miezi 8, nikimsifu, hadi mwanangu anayesomea umeme alipofungua kisanduku.

Kwa hiyo, dada, ukifunga RCD na kuacha hita yenye koili ya wazi kwenye maji ya chumvi, jiandae kuona inakata, nayo itakuwa haina kosa. Binafsi nilihamia kwenye hita ya tangi ya lita 50, ambayo koili yake imefungwa ndani ya bomba la chuma na haigusani na maji. Inatumia wati 1,500 tu, na waya wa 2.5 unaitosha bila jasho.

Fundi Kipimo:

Mzee wangu, ahsante; hilo nililiruka na lilistahili kusemwa. Ningemtahadharisha dada kwa mambo mawili tu kabla hajanunua tangi. Maji ya chumvi hula tangi kutoka ndani, na kinachokinga ni fimbo ya magnesi ambayo inaliwa badala ya chuma. Kwa maji ya kisima ifunguliwe na kukaguliwa kila mwaka. Pia valvu ya kupunguza shinikizo isizibwe kwa sababu inadondosha matone, maana maji yakipashwa hutanuka na lazima yapate pa kutokea. Nimewahi kukuta imezibwa kwa kijiti na kufungwa mpira.

Kuna pia hita za papo hapo zenye koili iliyofunikwa. Bei yake iko juu, lakini haziogopi chumvi kama hizi za wazi. Dukani usiulize jina. Uliza kama koili inagusa maji, na usome karatasi yake.

Mkazi wa Ilazo:

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kazi ifanyike kwanza. Nilimtafuta fundi mwingine mwenye leseni ya EWURA (mamlaka inayodhibiti nishati na maji), ambaye alikuja na kipimo cha athi. Fimbo yetu ilisoma omu 210, na tulipochimba pembeni tukakuta ina urefu wa futi 2 tu, imekatwa ili ipigwe kwa urahisi. Amepiga fimbo 2 za mita 1.2, zikiwa mbalimbali kwa mita 3, upande ambao maji ya karo la kufulia humwagika, na usomaji umeshuka hadi omu 46. Ameutenganisha ule muungano wa athi na nyutro, amefunga RCD, na amevuta laini mpya ya milimita 6. Waya wa zamani alionitolea ukutani ulikuwa umegeuka kahawia karibu na swichi, na ganda lake lilikatika kama biskuti.

Hita ya zamani ilikata RCD siku ya kwanza, kama mzee alivyosema. Tumeiondoa na kununua yenye koili iliyofunikwa. Nina swali moja lililobaki: tuko watu 5, na baba watoto anasema uniti za LUKU zitatumaliza. Je, tangi lingekuwa nafuu zaidi?

Fundi Kipimo:

Kila mmoja akitumia dakika 8, ni dakika 40 kwa siku, na kwa wati 5,500 hiyo ni uniti 3.7 hivi. Kupasha maji yaleyale kwa joto lilelile kunahitaji umeme uleule, kifaa chochote utakachotumia, na tangi huongeza hasara ya joto linalopotea likikaa limewashwa mchana kutwa. Tangi lingekusaidia kwenye ukubwa wa waya. Kwenye uniti, punguzeni dakika, au wekeni hita kwenye kiwango cha chini mchana, kwani maji ya tangi la juu la Dodoma huwa yamekwisha kupashwa na jua kufikia saa tisa.

Kwenye RCD kuna kitufe kidogo kilichoandikwa T. Kibonyeze mara moja kwa mwezi, umeme ukiwapo. Kisipokata, niite au umwite aliyekifunga.

Mkazi wa Ilazo:

Nimekibonyeza sasa hivi na kimekata, nyumba nzima ikawa giza na watoto wakapiga kelele. Mama mkwe ameuliza kama ni hita tena.