Nitajuaje kama filamu ina dhamira za ufeministi?

Mwalimu wa Muheza
Habari zenu wapendwa. Nafundisha Kiswahili, na kila Ijumaa jioni naangalia filamu na wasichana wa kidato cha tano. Wiki iliyopita niliwaomba wataje filamu ya kifeministi. Karibu wote walitaja zile ambazo mwanamke anashika bunduki na kuwachapa wanaume. Sikuwa na jibu. Nakijua kipimo cha mchoraji katuni wa Marekani, Alison Bechdel, cha mwaka 1985: wawepo wanawake wawili, wazungumze wao kwa wao, na mazungumzo yasiwe juu ya mwanamume. Kinasaidia, ila nahisi hakitoshi. Wenzangu mnaangalia nini?

Msomaji wa Ng'ambo
Waonyeshe Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, 2021, maana kitabu cha Shafi Adam Shafi wanakijua. Waangalie Yasmin anamkimbia mume mzee, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke mwenzake.

Mjane wa Ilala
Mwalimu, kwangu mimi ni Neria, ya Zimbabwe, ya mwanzoni mwa miaka ya tisini. Niliiona ukumbini kanisani nikiwa binti, nikalia kama wenzangu, yakaisha. Nilikuja kuielewa nilipofiwa na mume.

Patrick, mume wa Neria, anafariki kwa ajali, yuko kwenye baiskeli. Kaka yake, Phineas, anakuja na mila mdomoni, na mali ambayo Neria na mumewe waliichuma pamoja inaanza kwenda moja moja, hadi nyumba. Kwangu, shemeji alikuja baada ya kuanua matanga, akaketi kwenye kiti cha marehemu, akaniomba kitabu cha benki akitunze. Nikampa. Kikao cha ukoo kilishamteua msimamizi wa mirathi, na mimi nilikuwa jikoni napika chai ya kikao hichohicho.

Hapo ndipo filamu za bunduki zinapowapoteza wanao. Adui ni mtu mmoja mbaya, akifa mambo yamekwisha. Adui wa Neria unamwita shemeji, unamwandalia maji ya kunawa, na wazee wamekaa naye mkekani. Waulize wasichana: mila inapotajwa, nani anaondoka na mali?

Halafu hicho kipimo. Neria na rafiki yake Connie wakikaa kuzungumza, majina ya Patrick na Phineas hayakosekani. Mtu anaweza kusema wanazungumzia wanaume. Hapana, wanazungumzia nyumba yake. Na Neria haitupi mila; anakataa kuona inatumiwa kumnyang'anya. Hadithi yenyewe ilitungwa na Tsitsi Dangarembga, mwanamke, na inasikika.

Fundi Simu
Mimi nimekulia kibanda umiza, yaani banda la video la mtaani. Filamu zilikuwa za kutafsiriwa, sauti moja ya kiume kwa wahusika wote. Juzi niliirudia moja ya zamani kwa sauti zake zenyewe. Kuna pahala mke anamjibu mumewe dakika nzima, anamweleza kwa nini anaondoka. Mtafsiri alisema tu, "Mke analalamika." Miaka yote nilimjua yule mama kama mkorofi. Mwalimu, waambie waangalie pia maneno ya mwanamke yanawafikia kwa mdomo wa nani.

Mwalimu wa Muheza
Fundi, hilo sikuwahi kuliwaza, na nusu ya darasa langu filamu wanaziangalia hivyohivyo. Ijumaa naonyesha Neria. Nitaisimamisha kabla hajakwenda mahakamani, niwaulize wao wangefanya nini. Mjane wa Ilala, pole sana dada. Kitabu ulikipata?

Mjane wa Ilala
Ahsante mwalimu. Niliweka pingamizi Mahakama ya Mwanzo, ikachukua miaka miwili. Kitabu kilirudi, hela hazikuwamo. Nyumba tunaishi, mimi na wanangu wawili. Ukifika pale Neria anapokuta nyumba imeshachukuliwa, usizungumze kitu. Waache waangalie.